Neno Lililoandikwa na Neno Lililopokewa

Kabla ya kuwapo kitabu tunachokiita Agano Jipya, Kanisa lilikuwa tayari linahubiri. Mitume walinena, watu wakasikia, wakaamini, wakabatizwa. Paulo aliwaambia Wakorintho kwamba habari ya kufa na kufufuka kwa Kristo aliwapa kama yeye naye alivyoipokea (1 Kor. 15:3). Wathesalonike aliwaagiza wayashike waliyofundishwa, yawe kwa maneno au kwa barua (2 Thes. 2:15). Tena alipowaaga wazee wa Efeso aliwakumbusha neno la Bwana juu ya heri ya kutoa, neno ambalo halimo katika Injili yoyote kati ya zile nne (Mdo. 20:35). Sisi wana wa Matengenezo, tunaokiri "Maandiko pekee", tusiyasahau hayo.

Hata hivyo, Bwana wetu aliwakemea Mafarisayo kwa sababu ya mapokeo. Mtu aliweza kuitangaza mali yake kuwa Korbani, yaani wakfu kwa Mungu, akaacha kuwatunza baba na mama yake (Mk. 7:9–13). Desturi iliyoonekana ya kidini ilikuwa imeitangua amri ya Mungu. Basi mapokeo huweza kulibeba Neno, na huweza pia kulifunika.

Hofu hiyo ndiyo iliyoonekana mjini Leipzig mwaka 1519, Martin Luther alipojadiliana na Johann Eck. Eck alimbana kwa swali la mamlaka: Je, Mtaguso wa Konstanz ulikosea ulipomhukumu Jan Hus, aliyechomwa moto mwaka 1415? Luther alijibu kwamba baadhi ya mafundisho ya Hus yalikuwa ya Kikristo kabisa, na kwamba hata mitaguso huweza kukosea. Tangu siku hiyo swali likawa wazi: Kanisa likikosea, ni nani atakayelirudisha njiani? Luther alijibu: Maandiko.

Lakini jibu hilo halikumaliza mashindano. Mwaka 1529 Luther na Ulrich Zwingli walikutana Marburg kuzungumzia Chakula cha Bwana. Wote wawili waliyaheshimu Maandiko. Luther aliandika mezani kwa chaki maneno ya Bwana juu ya mwili wake, asitake kuondoka kwenye maneno hayo. Zwingli naye alishika sura ya sita ya Yohana. Wakaachana bila kupatana katika jambo hilo.

Kanisa Katoliki lilitoa jibu lake Trento, tarehe 8 Aprili 1546. Mtaguso uliamua kwamba vitabu vitakatifu na mapokeo yasiyoandikwa yaliyotoka kwa mitume yapokewe kwa heshima iliyo sawa. Rasimu ya kwanza ilisema ukweli umo kwa sehemu katika vitabu na kwa sehemu katika mapokeo. Wengine mle mtagusoni walipinga. Bonucci, mkuu wa shirika la Waservita, alishikilia kwamba ukweli wote wa Injili umo katika Maandiko. Na Nacchianti, askofu wa Chioggia, hakukubali viwili hivyo vilinganishwe. Usawa ulibaki, lakini maneno "kwa sehemu" yaliondolewa. Mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha kwamba Maandiko na Mapokeo hutoka katika chemchemi moja ya Mungu.

Nasi tumepokea mengi. Kitabu cha Concordia cha mwaka 1580, chenye maungamo ya Walutheri, kinaanza na zile imani tatu za kale: ya Mitume, ya Nikea na ya Athanasio. Waliokiri Maandiko pekee hawakuwatupa waliowatangulia. Waliwasikiliza kama mashahidi, wakampa Neno kiti cha hakimu.

Jambo hili linagusa sharika zetu leo. Yupo anayesema "ndivyo tulivyofanya siku zote", na yupo anayesema "Bwana amenifunulia usiku huu", huku akitaka asiulizwe. Wa kwanza anaegemea mapokeo, wa pili anaegemea nafsi yake. Kwa wote wawili tufanye kama watu wa Beroya: walilipokea neno kwa moyo, wakayachunguza Maandiko kila siku, waone kama mambo ndivyo yalivyo (Mdo. 17:11). Aliyekuwa akichunguzwa pale alikuwa Paulo, mtume. Wala hawakukemewa, bali walisifiwa.