Sarafu Kabla ya Ushindi: Taswira za Kijeshi katika Fedha za Afrika Mashariki ya Kijerumani, 1890–1916

Katika Dola ya Rumi, taswira ya kijeshi kwenye sarafu ya shaba mara nyingi ilifuata ushindi. Yerusalemu ilianguka mwaka 70. Mwaka uliofuata Kaisari Vespasian alitoa sarafu zenye mwanamke Myahudi anayeomboleza chini ya mtende. Insha hii inadai kwamba katika Afrika Mashariki ya Kijerumani mpangilio huo ulipinduka: sarafu ilitangulia ushindi, kisha ikaendelea kuutangaza wakati nguvu zilipokuwa zikitoweka.

Abushiri bin Salim alinyongwa Pangani Desemba 1889. Mwaka 1890 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilitoa rupia ya fedha yenye sura ya Kaisari Wilhelm II, amevaa kofia ya kijeshi yenye tai kileleni. Iliambatana na pesa ya shaba, 64 kwa rupia moja, yenye tai wa dola upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande wa pili. Pwani ilikuwa imetiishwa, lakini bara halikuwa limetekwa. Agosti 1891 Wahehe waliangamiza kikosi cha Zelewski huko Lugalo, na upinzani wa Mkwawa ulidumu hadi kifo chake mwaka 1898.

Mwaka huohuo kodi ya nyumba ilianza kutozwa. Kadiri utawala ulivyoenea bara, hadi nchi ya Wagorowa ulipo leo mji wa Babati, kofia ile ilikuwa sura ya deni ambalo mwananchi alidaiwa kulilipa. Kuanzia 1904 heleri, 100 kwa rupia, ilichukua nafasi ya pesa, na taji likachukua nafasi ya tai.

Aprili 1916 jeshi la Van Deventer lilipita Ufiome, jirani na Babati, likielekea Kondoa. Kwa kuwa bahari ilikuwa imezingirwa na Waingereza, mwaka huo Wajerumani walitengeneza sarafu zao Tabora: heleri 5 na 20 zenye taji, na rupia 15 za dhahabu zenye tembo na tai. Septemba Wabelgiji waliingia Tabora.

Kwa hiyo, alama iliyo kwenye sarafu ni ushahidi wa madai ya mtawala. Ili kujua nguvu yake halisi, mtafiti hana budi kuiweka tarehe ya sarafu kando ya tarehe ya vita.