Kutoka Mnazi Mmoja Hadi Mtaa wa Kongo

Ukitoka Mnazi Mmoja kwa miguu kwenda Kariakoo, unavuka mpaka wa zamani. Wakoloni waliuacha uwanja huu wazi makusudi, utenganishe Uhindini na makazi ya Waafrika. Upande wa pili, baada ya Waingereza kuuteka mji wa Dar es Salaam Septemba 1916, ikawekwa kambi ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi walioachia mahali hapa jina lake. Walibebeshwa risasi na unga kuwafuata askari porini, na makumi ya maelfu yao wakafa, wengi kwa maradhi na njaa. Kila anayeshusha mzigo Kariakoo anastahili kusimuliwa habari hizi.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokwisha, soko likashika mahali pa kambi. Katika miaka ya 1950 msimamizi wake alikuwa Abdulwahid Sykes, mmoja wa waasisi wa TANU mwaka 1954, na ofisi ya chama ilikuwa jirani, mtaa unaoitwa Lumumba leo. Sishangai. Aliyekaa sokoni alijua bei ya mchele, na alijua pia nani ana kinyongo na serikali.

Jengo la soko linalofahamika zaidi, kazi ya msanifu Mtanzania Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975. Simama uangalie juu: paa ni miavuli ya zege iliyopinduliwa, iliyobuniwa kukinga mvua na kuishusha kwenye matangi ya chini. Ni jengo zuri kuliko mengi yaliyolizunguka, na lilipoungua Julai 2021 tuliumia wengi.

Lakini biashara haikukubali kukaa chini ya miavuli ile; ilimwagikia mitaani. Mwaka 1983 ilikuja sheria ya Nguvukazi, na wachuuzi wakakamatwa kama wazururaji. Mwaka uliofuata serikali ikaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na mitaa ikafurika mali. Hapo ndipo nyumba za Kiswahili zilipobadilika. Baraza walipokaa wazee jioni likajengwa fremu ya duka, chumba cha mbele kikawa stoo, kisha mwenye nyumba akaingia ubia na mwenye mtaji: nyumba ikabomolewa, ghorofa likapanda, naye akapewa sehemu yake. Mtaa wa Kongo, Mkunguni, Sikukuu, yote imepita njia hiyo. Wanunuzi wa jumla wanatoka Lubumbashi, Lusaka na Moroni.

Machinga, mchuuzi wa mitaani, ndiye aliyewazoesha watu kununua barabarani kabla fremu hazijawa na thamani. Desemba 2018 alipewa kitambulisho kwa shilingi 20,000 na kuambiwa asibughudhiwe. Mwaka 2021 akaondolewa kwenye barabara zilezile, apelekwe maeneo yaliyotengwa, mengi mbali na vituo vya daladala. Ramani za maeneo hayo zilipaswa kuanza na swali moja: mteja anapita wapi?