Ukuta Unaonong'ona: Bwawa la Barossa, Australia Kusini

Ndugu mgeni, mwache mwenzako avuke hadi mwisho wa pili wa ukuta, zaidi ya mita 100 kutoka ulipo. Sasa nong'ona ukiuelekea ukuta. Atakusikia kana kwamba mmeketi mkeka mmoja: sauti huambaa na zege lililopinda, haitawanyiki hewani.

Mpindo huo, hata hivyo, uliwekwa kwa ajili ya maji. Ukuta huu wenye kimo cha mita 36, uliojengwa 1899 hadi 1902, umebenuka kuelekea bwawani. Maji yakiusukuma, nguvu yake huishia kwenye miamba ya pande mbili za bonde. Ndiyo maana ukaweza kuwa mwembamba hivi. Karibu na kilele, mafundi walilaza reli za tramu ndani ya zege. Walioyangoja maji haya ni wakazi wa Gawler, kaskazini mwa Adelaide.