Nani Aliwekewa Kikomo? Historia Fupi ya Kodi ya Nyumba na Mshahara

Ushauri unaorudiwa sana katika semina za fedha binafsi ni kwamba mtu asitumie zaidi ya asilimia 30 ya kipato chake kwa ajili ya makazi. Husemwa kana kwamba ni kanuni ya hesabu, na anayeivuka huonekana hajui kupanga maisha yake. Kiwango hicho kina historia, na historia hiyo inaonesha kwamba kilipoanza hakikuwa nasaha kwa mpangaji. Kilikuwa kikomo alichowekewa mpangishaji.

Mwaka 1868 mtakwimu wa Berlin, Hermann Schwabe, alichunguza uhusiano wa kipato na kodi ya nyumba katika mji huo uliokuwa ukijaa wafanyakazi wa viwandani. Alibaini kuwa kadiri kipato cha kaya kinavyopungua, ndivyo fungu linalomezwa na kodi linavyoongezeka. Ubadhirifu hauelezi jambo hilo. Kila familia inahitaji walau chumba, na bei ya chumba haishuki kwa sababu mshahara wa anayekitafuta ni mdogo.

Karne moja baadaye, nchini Marekani, nyumba za umma zilizoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1937 ziliendeshwa kwa fedha za kodi za wapangaji wenyewe. Gharama zilipopanda katika miaka ya 1960, kodi nazo zikapanda, na wapo waliolipa zaidi ya nusu ya kipato chao. Mwaka 1969 wapangaji wa nyumba hizo mjini St. Louis waligoma kulipa kwa miezi kadhaa. Desemba mwaka huo Bunge likapitisha marekebisho ya Seneta Edward Brooke wa Massachusetts: mpangaji wa nyumba ya umma asitozwe zaidi ya asilimia 25 ya kipato chake, na serikali igharimie upungufu. Mwaka 1981, chini ya Rais Reagan, kikomo kilipandishwa hadi asilimia 30 ili kupunguza matumizi ya serikali. Hiyo ndiyo namba tunayofundishwa leo kama hekima ya kudumu.

Nasi Afrika Mashariki tuna historia yetu ya swali hili, na haikuanzia semina. Mshahara wa kikoloni ulikadiriwa kwa mwanamume mseja ambaye mkewe na watoto wangelishwa na shamba la kijijini. Kodi ya chumba mjini haikuwemo katika hesabu hiyo. Mwaka 1939 wafanyakazi wa Mombasa, wakiwemo vibarua wa bandarini, waligoma, na miongoni mwa madai yao makuu lilikuwa suala la makazi. Waajiri walilazimika kukubali posho ya nyumba. Watumishi wa umma wanaosoma makala haya wanaifahamu posho hiyo kama kipengele cha kawaida cha ajira. Yafaa wakumbuke kuwa vibarua waliidai kwa kuweka riziki zao rehani.

Tanzania huru ilikwenda mbali zaidi. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1971 sheria ya utwaaji wa majengo iliiwezesha serikali kutwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya shilingi 100,000 na zaidi, mengi yakiwa ya wananchi wenye asili ya Asia, nayo yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Zaidi ya hapo, kulikuwa na sheria ya kudhibiti kodi za pango.

Tusiipambe historia hiyo. Kodi ndogo haikutosha kukarabati majengo, rangi zilibanduka na lifti zikasimama. Nyumba mpya zilikuwa chache mno kulinganisha na watu waliohamia mijini, na wengi wao walipanga vyumba Manzese au Buguruni, mbali na macho ya Msajili. Udhibiti usioambatana na ujenzi uliwafaa waliokwisha kupata ufunguo. Hata hivyo, jibu la miaka iliyofuata halikuwa kurekebisha kasoro hizo. Mwaka 2005 sheria ya kudhibiti kodi ilifutwa, na mpangaji akaachwa apatane na mwenye nyumba kadiri ya nguvu zake.

Nguvu hizo ni ndogo. Tuchukue mfano wa mfanyakazi wa Dar es Salaam anayebaki na shilingi 600,000 kwa mwezi. Akifuata ushauri, atatafuta nyumba ya shilingi 180,000. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, yaani 1,080,000, na dalali anataka kodi ya mwezi mmoja. Jumla ni 1,260,000, zaidi ya mishahara miwili, kabla hajahamisha hata godoro. Mfanyakazi huyu ametii kanuni kikamilifu, na bado ataingia katika nyumba hiyo akiwa na deni. Asilimia 30 hudhani kwamba kodi hulipwa mwezi kwa mwezi, kama mshahara unavyoingia.

Kwa hiyo, mwanafunzi anayeandika tasnifu kuhusu makazi asiishie kuuliza wapangaji wanatumia asilimia ngapi ya kipato chao. Aulize pia ni nani anayepanga kiwango cha mshahara, ni nani anayepanga kodi, na ni sheria gani inayomruhusu mtu kudai malipo ya miezi ambayo mpangaji hajaishi. Mtumishi anayeandaa sera naye ana hatua ya kuanzia isiyohitaji fedha nyingi za hazina: kuweka kikomo cha kisheria cha kodi inayoweza kudaiwa mapema, pamoja na chombo cha karibu ambako mpangaji anaweza kukilalamikia kikomo hicho kinapovunjwa.