Kompyuta ndogo na TV ya chogo

Basi la Tunduma kwenda Sumbawanga likifika Laela huwa limebakiza kilomita 95 hivi. Barabara yote ni kilomita 223, na lami yake ilitandazwa kwa msaada wa mfuko wa MCC wa Marekani. Kabla ya hapo ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika, na burudani ilipanda Ufipa kama mzigo mwingine wowote: mkanda wa deki, kaseti ya redio, baadaye sahani za VCD. Watu wa huku wamezoea picha inayobebwa mkononi.

Si Ufipa peke yake. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu 1973, lakini Tanzania Bara ilisubiri hadi 1994 kupata vituo vyake vya kwanza, ITV ikiwa miongoni mwao. Kompyuta nayo ilikuwa na mkosi wake: mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuziingiza nchini. Hata baada ya milango kufunguliwa, kwa familia nyingi za vijijini televisheni ilimaanisha banda la video, benchi na kelele za jenereta. Humo ndimo lilimovuma jina la Lufufu, yaani Derek Gaspar Mukandala wa Dar es Salaam, aliyetafsiri filamu za Kichina, Kihindi na Kimarekani kwa sauti yake mwenyewe, akichomeka na vichekesho ambavyo mtunzi wa filamu hakuviota. Hakimiliki? Sheria yake mpya ilitungwa 1999. Mabandani haikuonekana sana.

Februari 29, 2012, Uingereza ikaleta kitu ambacho hakikukusudiwa kuwa sinema. Raspberry Pi, kompyuta yenye ukubwa wa kadi ya benki, iliuzwa dola 35, kama shilingi 55,000 za wakati ule. Eben Upton na wenzake wa Cambridge walitaka watoto wajifunze kuandika programu. Wanunuzi wengi wakaichomeka kwenye televisheni.

Sababu ilikuwa ndani ya chipu. Kampuni ya Broadcom iliibuni kwa ajili ya vifaa vya picha na sauti, kwa hiyo kompyuta yenye memori ya megabaiti 256 tu, ambayo ingehema kufungua kurasa mbili tatu za intaneti, ilicheza filamu ya ubora wa HD bila kukwama. Programu nayo ilikwishakuwepo. XBMC ilizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 ndani ya Xbox, mashine ya michezo ya Microsoft, na mwaka 2014 ikabadilishwa jina kuwa Kodi. Inapanga filamu, nyimbo na picha kwenye kioo, nawe unachagua ukiwa umekaa kwenye kochi. Haidai intaneti ikiwa mafaili unayo.

Kwa nyumba ya Laela, tundu moja la njano ndilo lenye maana zaidi. Toleo la kwanza la Raspberry Pi liliweza kuunganishwa na TV ya chogo kwa waya uleule wa deki. Mashine hiyo hula wati tatu hivi, ikitumia chaja ya simu, jambo zito katika mkoa ambao kwa miaka mingi umeme wake umenunuliwa Zambia, ukipitia Mbala. Kwenye sola, mla umeme ni chogo, si kompyuta. Ila umeme ukikatika ghafla, kadi ya kumbukumbu huweza kuharibika, na maktaba yote ikaondoka nayo.

Tanzania, kompyuta hii imeacha alama shuleni kuliko sebuleni. Shirika la Powering Potential la Marekani lilizifunga katika sekondari za Karatu zikiendeshwa na sola, pamoja na RACHEL, maktaba ya kidijitali isiyohitaji intaneti. Ni mtindo uleule wa mkanda wa deki: maarifa yanabebwa hadi yalipo macho.

Sebuleni mambo yalikwenda kwingine. Raspberry Pi ilipotoka 2012, sahani bado zilitawala. Filamu za mwigizaji Steven Kanumba, aliyefariki Aprili 7 mwaka huohuo, zilizunguka nchi nzima kwa VCD na DVD. Kisha zikaja TV bapa zenye tundu la flashi, na simu ambazo kijana anaingiziwa nyimbo na muvi kwenye memori kadi kibandani. Kazi ambayo Kodi ingeifanya kwa madaha, flashi iliifanya kwa bei ya chini.

Aliyebaki na chogo stoo na anataka kujaribu, aangalie matundu kabla ya bei. Toleo la B la 2012 lina tundu la njano. Kuanzia B+ ya Julai 2014 picha ya chogo hupita kwenye tundu la spika, kwa waya maalumu. Waya ukiwa si wenyewe, picha haitoki. Raspberry Pi 5, iliyotoka Oktoba 2023, haina tundu hilo kabisa.