Tairi Tulivu: Historia Fupi ya Kelele za Gurudumu

Leo naweka programu kando kidogo tuongee kuhusu matairi. Rafiki yangu mwenye gari kubwa la kifahari aliniuliza: tairi gani ni laini na halipigi kelele? Nilipoanza kuchimba, nikaona swali hilo lina umri wa karibu miaka 180.

Wengi wetu tunajua kwamba tairi la upepo ni kazi ya John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyelitengenezea baiskeli ya mwanawe ya magurudumu matatu, huko Belfast, mwaka 1888. Kumbe Mskoti mwenzake, Robert William Thomson, alikuwa amepata hataza ya wazo hilo mwaka 1845, Dunlop akiwa mtoto wa miaka 5! Hataza ya Dunlop ikaja kubatilishwa kwa sababu hiyo. Thomson alitaja faida tatu: gari la farasi kuvutwa kwa nguvu kidogo, mwendo kuwa laini, na kelele kupungua. Kwa hiyo ukimya ulikuwa kwenye mahitaji ya mradi tangu siku ya kwanza.

Lakini ukimya wa nani? Gurudumu la chuma juu ya barabara ya mawe lilimsumbua aliyepanda na aliyesimama kando pia. Magari ya kifahari yalimjali zaidi aliyemo ndani. Mwaka 1958 tangazo maarufu la Rolls-Royce lilijigamba kwamba kwa mwendo wa maili 60 kwa saa (kama kilomita 97), sauti kubwa kuliko zote ndani ya gari ni ya saa ya umeme. Shida ni kwamba injini ikinyamaza, tairi ndilo linaanza kusikika. Ndugu zangu waandishi wa programu mnalijua jambo hili: ukiondoa kinachochelewesha programu, cha pili kinajitokeza.

Michelin walipata hataza ya tairi la radial mwaka 1946. Nyuzi zake huvuka moja kwa moja kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, na chini ya meno kuna mikanda ya chuma. Lilidumu na kushika barabara vizuri, ila kwa mwendo mdogo mikanda ile ilipitisha mtetemo. Rolls-Royce Silver Shadow ilitoka mwaka 1965 na matairi ya mtindo wa zamani. Ilihamia radial miaka ya 1970, baada ya mfumo wa kubeba magurudumu ya mbele kurekebishwa. Tairi na gari ni mfumo mmoja.

Tukija kwenye meno: vipande vyote vikiwa na urefu sawa, hugonga lami kwa mpigo mmoja na tairi huimba kama king'ora. Wahandisi wakachanganya urefu tofauti, na siku hizi kompyuta ndiyo hutafuta mpangilio. Sauti husambaa kwenye masafa mengi, na sikio linakosa noti moja ya kukera. Halafu kuna hewa ya ndani, ambayo nayo huvuma. Phantom ya mwaka 2017 ilipewa matairi yenye sponji ndani, na kampuni ikasema kelele ya tairi imepungua kwa desibeli 9.

Sasa angalia hapa. Tangu Novemba 2012, matairi ya magari madogo yanayouzwa Umoja wa Ulaya huwa na kibandiko kinachotaja desibeli. Wengi hudhani ni kelele ya ndani ya gari. Hapana! Hupimwa kando ya barabara, gari likipita injini ikiwa imezimwa. Ni ukimya wa mwenye kibanda na mwanafunzi anayetembea. Tairi lenye namba nzuri pale si lazima liwe tulivu kwako kwenye kiti.

Kwa hiyo rafiki yangu nilimjibu hivi. Kwanza, usikimbilie rimu kubwa. Tairi la 255/45 R18 lina ubavu wa milimita 115 hivi; ukienda 255/40 R19 unabaki na 102. Umejipunguzia milimita 13 za mto kati ya rimu na shimo. Pili, usipunguze upepo ili upate ulaini. Fuata kipimo cha mtengenezaji, maana tairi lenye upepo mdogo hupata joto na linaweza kupasuka. Tatu, kwenye kibandiko hicho soma kwanza herufi ya kushika barabara yenye maji, A hadi E, ndipo usome desibeli. Tairi tulivu lisilosimama kwenye mvua ni hatari kwako na kwa yule wa kando ya barabara.

Thomson aliweka raha ya abiria na kelele ya mtaa kwenye hataza moja. Nasi tukinunua tuvikumbuke vyote viwili. Kwaherini kwa leo.