Ukuta Dhaifu wa Vinu vya Baruti

Ada ya mwashi ni kujenga ukuta usimame. Lakini katika bonde la mto Brandywine, jirani na mji wa Wilmington huko Marekani, walikuwako waashi walioamriwa kujenga kwa makusudi ukuta wa kung'oka. Aliyeamuru ni Éleuthère Irénée du Pont, Mfaransa aliyejifunza ilimu ya baruti kwa Lavoisier, bingwa wa kemia, na ambaye mwaka 1802, baada ya kuhama kwao, alianzisha kiwanda chake ukingoni mwa mto huo. Kuta tatu za kila kinu zilikuwa za mawe manene. Wa nne, ulioelekea maji, ulikuwa wa mbao nyepesi, na paa nalo likainamishwa upande huo huo, ili baruti ikishika moto ghadhabu yake itokee mtoni, isivifikie vinu vya jirani.

Shura, makaa na kiberiti vikiwaka pamoja huzaa hewa nyingi yenye joto kali kwa muda mfupi mno, na nyumba iliyo imara pande zote haisalimiki kwa uimara wake, bali hupasuka yote na kuyarusha mawe yake kama mizinga. Wanaoisifu tadbiri ya du Pont, hata hivyo, aghalabu hulipitia upesi jambo moja: ukuta ule haukuwekwa kwa ajili ya mtu aliye ndani. Yeye alikwenda pamoja na mbao. Mwezi Machi 1818 walikufa hapo watu zaidi ya 30, na mwaka 1857 akafa Alexis, mwana wa mwasisi mwenyewe.



Waingereza wa vinu vya baruti vya Waltham Abbey walizidisha hadhari: juu ya mawe ya kusagia waliweka pipa la maji lililofungamana na ubao, na mlipuko ulipousukuma ubao, pipa lilipinduka likakilowesha kinu hicho na vya jirani.

Tarehe 2 Mei 1878 kinu cha Washburn mjini Minneapolis kiliripuka na kuua watu 18, ilhali ndani hamkuwa na baruti, ila vumbi la unga wa ngano. Vumbi la namna hiyo likiwaka chumbani mlimofungwa laweza kufikisha kani mara 8 ya ile ya hewa ya kawaida, na ukuta wa matofali hubomoka kabla ya kufika hata sehemu moja ya kumi ya hiyo. Hapo ukuta wa mbao ukarithiwa na bamba jembamba, ambalo kwa kawaida halizidi kilo 12 hivi kwa mita ya mraba, maana lililo zito huchelewa kuondoka. Hushikwa kwa misumari ya kukatika kwa kani iliyopimwa, na pengine hufungwa mnyororo lisimuue mpita njia.

Ama nitrogliserini, iliyomuua Lammot du Pont, mjukuu wa mwasisi, mwaka 1884, haingoji bamba lifunguke, kwani wimbi lake hutangulia kila kizuizi. Maghala ya vitu vya namna hiyo hutengwa mbali na makazi na kuzungushiwa maboma ya udongo, na mabamba yakaachiwa vinu vya unga, stoo za rangi na nyumba za gesi.